Rodi ya 6013 au ya 7018? Anza na chuma unachochomelea

Ukienda dukani kununua rodi za kuchomelea, utaulizwa unene kwa milimita: mbili na nusu au tatu na mbili? Namba iliyochapwa kwenye ganda, karibu na kichwa kinachobanwa na koleo, haina anayeijali. Inakuja kujaliwa siku chesisi iliyochomelewa Jumatatu inapokutwa na ufa Jumatano asubuhi, na gari lenyewe lilikuwa limeegeshwa tu, halijabeba hata mfuko mmoja wa saruji. Hapo fundi atalaumiwa, chuma kitalaumiwa, hata umeme wa siku hiyo utalaumiwa. Mara nyingi mkosaji ni haidrojeni, na iliingia kwenye chuma wakati wa kuchomelea.

Hapa nazilinganisha rodi mbili: 6013, ambayo ni ya kila siku, na 7018, inayojulikana kuwa ni ya haidrojeni kidogo. Msimamo wangu niuseme mapema. Kwa kazi nyingi za mtaani 6013 inatosha kabisa na hakuna sababu ya kujitia gharama. Kwa chuma kigumu au kinene, 7018 ndiyo ya kutumia, lakini iwe kavu. 7018 iliyolowa ni hasara mara mbili: umelipa bei ya juu, na haidrojeni umeipata vilevile.

Inaingiaje

Maji yana haidrojeni ndani yake. Joto la kuchomelea linayavunja maji yaliyomo kwenye ganda la rodi, na halichagui: kutu, grisi, rangi ya zamani na umande wa asubuhi juu ya chuma navyo vinavunjwa vilevile. Haidrojeni ikishakuwa atomu mojamoja ni ndogo mno, na chuma kilichoyeyuka kinainywa kwa urahisi. Mshono unapoganda na kupoa, uwezo wake wa kuibeba unashuka. Sehemu inatorokea hewani, sehemu inanaswa ndani, na sehemu inahamia pembeni, kwenye ukanda mwembamba wa chuma cha asili uliopata moto mkali bila kuyeyuka.

Ukanda huo ndio wa kuuogopa. Chuma chenye kaboni nyingi kikipoa haraka, ukanda wa kando ya mshono unageuka mgumu na mkavu, kama panga lililotumbukizwa majini likiwa jekundu. Haidrojeni inaukuta katika hali hiyo.

Ili ufa uzaliwe, lazima mambo matatu yakutane: haidrojeni ya kutosha, chuma kilichogeuka kigumu, na mvuto. Mvuto haukosekani, kwa sababu mshono unapopoa unasinyaa na kuvuta vyuma vilivyoushika, hata kama hakuna mzigo. Ufa wenyewe hauji wakati kazi ikiwa ya moto. Unakuja joto likishashuka chini ya nyuzi 150 hivi, na unaweza kuchukua saa kadhaa au hata siku mbili tatu, kwa kuwa haidrojeni inatembea polepole ndani ya chuma kuelekea pale panapovutwa zaidi. Ndiyo maana kwenye vyuma vya nguvu kubwa wakaguzi huacha saa 48 zipite kabla ya kutafuta nyufa. Anayekagua dakika kumi baada ya kupiga slagi, lile gamba linalobaki juu ya mshono, anakagua ufa ambao haujazaliwa.

Nguvu inabaki, kuvutika kunapotea

Mtu akisikia kwamba haidrojeni inadhoofisha chuma, anadhani chuma kinakuwa laini, kwamba kitapinda mapema. Sivyo. Ukaidi wa chuma dhidi ya kupinda haubadiliki. Kiwango cha mzigo kinachoanza kukirefusha kisirudi tena hakibadiliki sana. Kwenye chuma laini cha kawaida hata nguvu ya mwisho ya kuvutwa inabaki karibu palepale. Kinachoporomoka ni uvutikaji, yaani kile chuma kinachorefuka kabla ya kukatika. Chuma kizima kinakuonya: kinapinda kwanza, rangi inapasuka, mtu anaona. Chenye haidrojeni kinakatika bila kuaga. Uwezo wake wa kuzuia ufa mdogo usikue unashuka, na ufa unaotokana na mtikisiko wa kila siku wa barabara unakua kwa kasi zaidi.

Kuna jambo moja ambalo mafundi wengi hulikosea hapa. Haidrojeni inaonyesha makali yake chuma kikivutwa polepole au kikiachwa chini ya mvuto wa kudumu. Ukikigonga kwa nyundo, pigo linapita kabla haidrojeni haijapata nafasi ya kusogea hadi kwenye ncha ya ufa. Kwa hiyo ule mtindo wa kuupiga mshono nyundo mbili tatu mbele ya mteja na kusema "umeona? haubanduki" haujibu swali hili hata kidogo.

Jambo lenyewe si geni. Mwaka 1875 William Johnson alieleza mbele ya Royal Society ya London, jumuiya ya wanasayansi, kwamba waya wa chuma uliolowekwa kwenye asidi kwa dakika chache ulikatika ukikunjwa mara chache tu, na pale ulipokatika, ukilowanishwa, palitoa mapovu. Akaona pia kwamba waya uleule ukiachwa muda au ukipashwa moto unarudia hali yake. Mambo mawili aliyoyaona, mapovu na kupona, ndiyo msingi wa karibu kila ushauri unaofuata hapa chini.

Mapovu hayo yana ndugu yake kwenye mshono. Ukivunja mshono uliojaa haidrojeni na kuutazama kwenye mwanga, unaweza kuona viduara vyeupe vinavyong'aa, kila kimoja kina kitundu au kipande cha slagi katikati. Watu wa maabara hukiita jicho la samaki. Haidrojeni ilijikusanya kwenye kitundu kile, na chuma kilichokizunguka kikakatika kikavu wakati sehemu nyingine ilikuwa bado inavutika.

Namba za pakiti

| | 6013 | 7018 |
|---|---|---|
| Nguvu ya chini ya kuvutwa | megapaskali 430 | megapaskali 490 |
| Kurefuka kabla ya kukatika, angalau | asilimia 17 | asilimia 22 |
| Kipimo cha kugongwa | hakidaiwi | jouli 27 kwenye nyuzi −30 |
| Haidrojeni katika gramu 100 za mshono | mililita 20 hadi 30 hivi | si zaidi ya 16, 8 au 4, kwa alama yake |
| Umeme | AC (unaogeuza mwelekeo) ya mashine ndogo, au DC (wa mwelekeo mmoja) | DC, au AC yenye volti za kutosha |
| Utunzaji | mahali pakavu | oveni |

Wengi wanaitazama 70 na 60, wanaamua kwamba 7018 ni "kali" zaidi, basi. Tarakimu hizo mbili za mwanzo ni nguvu ya kuvutwa kwa kipimo cha Kimarekani, paundi elfu 70 na elfu 60 kwa inchi ya mraba, na tofauti hiyo si kubwa. Tofauti ya maana iko kwenye tarakimu za mwisho, zinazoeleza ganda. Ganda la 13 lina madini ya titani pamoja na viungo vinavyobeba unyevu. Ganda la 18 lina chokaa, floridi na unga wa chuma, na kiwandani hukaushwa kwa joto kali kuliko la 6013.

Lipo jambo kuhusu ile asilimia 17 ambalo pakiti haikwambii. Kiwango cha AWS, chama cha uchomeleaji cha Marekani, kinataka kipande cha majaribio cha rodi zisizo za haidrojeni kidogo, kama 6013, kipashwe joto la nyuzi 100 hivi kwa muda wa hadi saa 48 kabla ya kuvutwa. Joto hilo linatoa haidrojeni nje, kama ule waya wa Johnson uliopona. Namba hiyo, basi, ni ya mshono uliokwisha kupumzika. Mshono wako wa leo jioni bado haujafika huko.

6013: mahali pake

Inawaka kirahisi, inawaka tena ikizimika, slagi inabanduka, mshono unatoka laini na wa kupendeza. Inakubali mashine yoyote, hata zile zilizofungwa waya mtaani, na haichomi matundu kwenye chuma chembamba. Mageti, grili, vitanda, meza za shule, viti, stendi ya tangi la maji, mabanda: hiyo ni kazi ya 6013. Skwea paipu ya milimita moja na nusu ina kaboni kidogo, ukanda wake wa kando haugeuki mgumu, na wembamba wake unaipa haidrojeni njia fupi ya kutokea. Kati ya yale mambo matatu, moja halipo, kwa hiyo ufa wa aina hii hauji. Anayekuambia geti linahitaji 7018 anakuuzia rodi.

Ikilowa, ianike, au iweke kwenye joto la nyuzi 100 hivi. Lile sanduku la friji bovu lenye balbu inayowaka ndani linaifaa. Usiipeleke kwenye nyuzi 300 ukitumaini kuigeuza kuwa ya haidrojeni kidogo. Ganda lake linahitaji unyevu kiasi ili liwake vizuri, na ukiliunguza unapata rodi isiyofaa kwa lolote.

Tatizo la 6013 linaanza unene unapopanda na kaboni inapopanda. Sahani ya milimita 25 inanyonya joto haraka sana, mshono unapoa kwa sekunde chache, na sasa mambo yote matatu yapo kazini.

7018: bei yake si ya dukani tu

Mshono wake unavutika, unavumilia mitikisiko, na haidrojeni yake ni kidogo. Hayo yote yana sharti moja, ukavu. Ganda la 7018 likitoka kwenye pakiti linaanza kuvuta unyevu wa hewa. Kanuni za AWS za miundo ya chuma ziko wazi: rodi zilizofunguliwa zikae kwenye oveni ya angalau nyuzi 120, zikitoka, za kawaida zitumike ndani ya saa nne, zikizidisha, zirudiwe kukaushwa kwa nyuzi kati ya 260 na 430 kwa muda wa angalau saa mbili, na mara moja tu. Zilizoloweshwa na maji hazirudiwi, zinatupwa.

Sasa tazama hali halisi ya pwani. 7018 inapimwa kwa kilo kutoka pakiti iliyokaa wazi kaunta wiki nzima, Tanga au Mombasa, ambako hewa yenyewe ni ya chumvi na unyevu. Fundi anaifunga kwenye gazeti, anaiweka juu ya tairi kibandani, na wiki ijayo anaitumia kwenye kiunga cha trela. Kwenye karatasi kazi hiyo imefanywa kwa haidrojeni kidogo. Ndani ya mshono, hakuna anayejua.

Kuanika juani hakusaidii 7018. Bati la paa wakati wa adhuhuri halifiki nyuzi 100, na maji yaliyoshikwa ndani ya ganda hili hayatoki mpaka joto lipande zaidi ya mara mbili ya hapo. Kuigusisha rodi kwenye chuma mpaka iwe nyekundu, mtindo unaopendwa, kunapasua ganda na kukausha sehemu moja kuacha nyingine. Oveni ya jikoni inaishia nyuzi 250 hivi, inakaribia bila kufika, na kama umewahi kunusa ganda la rodi likipata moto hutataka mkate upite humo tena.

Kama huna oveni, nunua pakiti ndogo, hasa zile zilizofungwa bila hewa, ufungue asubuhi ya kazi na kuimaliza siku hiyohiyo. Soma pia herufi zinazofuata namba. H16, H8 na H4 ni kikomo cha haidrojeni kwa mililita. Herufi R maana yake ganda limetengenezwa lipingane na unyevu: hupimwa kwa kuachwa saa tisa kwenye nyuzi 27 na unyevu wa asilimia 80, hali ambayo mkazi wa Dar es Salaam ataitambua bila kuambiwa. Kwa ukanda wa pwani, 7018 H4R inastahili nyongeza ya bei. Bara, mahali pakavu kama Dodoma, hoja hiyo ina uzito mdogo zaidi.

Kisha kuna mashine. 7018 inataka DC, koleo likiwa upande wa chanya, au AC yenye volti 70 hivi kabla ya moto kuwaka. Mashine nyingi za kujifungia hazifiki hapo. Rodi inaganda, inazima, fundi anainua juu ili iwake, na moto ukiwa mrefu unaingiza hewa na unyevu kwenye mshono. Kama ndiyo mashine uliyo nayo, inverta ndogo ya DC, yaani mashine ya kuchomelea ya kielektroniki, itakufaa kuliko pakiti ya 7018.

Chuma ndicho kinachoamua

Mahandisi hutumia hesabu moja kukisia kama chuma kitageuka kigumu: chukua asilimia ya kaboni, ongeza manganizi gawanya kwa 6, ongeza kromi, molibdeni na vanadi kwa pamoja gawanya kwa 5, ongeza nikeli na shaba gawanya kwa 15. Jibu likiwa chini ya 0.40 huna shaka kubwa. Likipita 0.45 anza kufikiria kupasha chuma moto kabla ya kuchomelea.

Chuma laini chenye kaboni 0.18 na manganizi 0.8 kinatoa 0.31. Shafti ya kawaida yenye kaboni 0.45 na manganizi 0.7 inatoa 0.57. Springi ya lori ya aina ya 5160, yenye kaboni 0.6, manganizi karibu 0.9 na kromi 0.8, inatoa 0.91. Kwa namba hiyo, suala la rodi gani limekuwa dogo. Hata 7018 iliyotoka kwenye oveni sasa hivi haiiokoi springi iliyochomelewa ikiwa ya baridi, na hata usipopata ufa, moto umekwisha kuharibu ile hali ya chuma inayoifanya iitwe springi. Jani la springi lililokatika linabadilishwa. Halichomelewi.

Kwamba chuma ndicho kinachoamua, mji wa Melbourne, Australia, ulijifunza kwa gharama. Daraja la King's Bridge, la chuma cha nguvu kubwa kilichochomelewa, lilifunguliwa mwaka 1961. Tarehe 10 Julai 1962, asubuhi ya baridi, gari la tani 45 lilipokuwa likipita, mihimili yake ilikatika. Hakuna aliyekufa. Uchunguzi ulikuta nyufa zilizoanzia kwenye ukingo wa mishono, pale ambapo sahani za kuongeza nguvu ziliishia, na baadhi zilikuwepo tangu kabla daraja halijatumika. Chuma kilikuwa kigumu kuchomelea kuliko walivyozoea, na haidrojeni ilipata nafasi.

Kwa shafti, ndoano ya kuvutia trela au sahani nene, fuata utaratibu huu: saga kwa grenda mpaka chuma king'ae, ondoa grisi, pasha moto nyuzi 150 hadi 200, chomelea kwa 7018 kavu bila kuacha kazi ipoe katikati, kisha ifunike kwa jivu au chokaa kavu ipoe taratibu. Ukiweza kuishikilia kwenye nyuzi 200 na ushei kwa saa mbili baada ya kumaliza, bora zaidi, maana haidrojeni nyingi itatoka kabla ufa haujapata wasaa.

Chesisi ya lori iko katikati. Nyingi ni za chuma cha nguvu kubwa, na watengenezaji huweka masharti ya wapi panaruhusiwa kuchomelewa na wapi pafungwe bolti. Tafuta masharti hayo kwanza. Panaporuhusiwa, tumia 7018 kavu. 6013 hapo mimi siikubali.

Chuma usichokijua asili yake, kipitishe faili. Ikiteleza bila kung'ata, kichukulie ni kigumu. Kwa vyuma hivyo kuna njia ya tatu, rodi za chuma kisichoshika kutu za aina ya 309 au 312. Mshono wake unaishika haidrojeni ndani bila kuiachia haraka kwenda kwenye ukanda mgumu. Bei yake inauma, lakini kwa kipande kimoja cha mashine ya thamani inalipa. Ama 6010 ya mabomba, ina haidrojeni kuliko hata 6013, na haitakiwi ikaushwe kamwe. Wajenzi wa mabomba huitumia kwa mpigo wa kwanza kwa sababu inapenya, nao hufuatisha mpigo wa pili upesi wakati chuma bado cha moto. Ni ya wenye ujuzi huo.

Nondo nazo ni chuma cha kutiliwa shaka, kwa vile za nguvu kubwa si zote zinazokubali moto. Pishanisha na ufunge kwa waya kama mchoro wa mhandisi unavyotaka, mjadala wa rodi uishie hapo.

Kazi nzito ikishakamilika, mweleze mteja kwamba gari linabaki gereji siku mbili. Siku ya tatu safisha mshono kwa brashi, pitisha dawa nyekundu ya kutafutia nyufa na ile nyeupe ya kuivuta nje, ukague hasa ukingo ambapo mshono unakutana na chuma cha asili. Rangi ipakwe baada ya hapo.